Walimu Wasiotimiza Umri

Askofu William Tozer aliposhuka Unguja tarehe 31 Agosti 1864, akiwa na padre mmoja msomi aitwaye Edward Steere, hakuwa na waumini, hakuwa na kanisa, na Kiswahili hakukijua. Misheni yao ya Vyuo Vikuu ilikuwa imekwisha kushindwa mara moja. Askofu wa kwanza, Charles Mackenzie, alifariki kwa homa Januari 1862 katika bonde la mto Shire, na kituo alichokianzisha Magomero kikavunjika. Tozer hakuwa amekaa sana Unguja pale Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, alipomkabidhi wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa lililokamatwa baharini. Hao watano ndio waliokuwa dayosisi nzima.

Historia ya Ukristo wa Afrika Mashariki husimuliwa mara nyingi kwa picha ya Mzungu aliyesimama na watoto waliokaa chini. Kumbukumbu za kati ya mwaka 1864 na 1900 zina habari nyingine iliyopita katikati ya hiyo. Mtoto ndiye aliyekuwa na lugha kinywani na kitabu mkononi, na watu wazima wengi, wakiwemo mapadre, machifu, kabaka (mfalme wa Buganda) na hata wauaji waliotumwa naye, walilazimika kuisikia dini kwake.

Watano wale hawakuichagua dini. Walitekwa bara, wakatembezwa hadi pwani, wakapakiwa, wakanyang'anywa njiani, kisha wakatolewa zawadi. Hakuna aliyewauliza wanataka kwenda wapi, na hata kama wangeulizwa, njia ya kurudi ilipita kwenye mikono ileile iliyowauza. Waswahili husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwa watoto hawa ulimwengu ulikuwa nyumba ya misheni. Wamisionari nao walikuwa na hesabu zao. Mtu mzima wa Unguja alikuwa Mwislamu mwenye msikiti, chuo cha Kurani na ukoo wa kumwambia la. Mtoto wa jahazini hakuwa na mtu. Samaki alikunjwa angali mbichi, na aliyemkunja alijua kwa nini.

Hata hivyo mafunzo hayakwenda upande mmoja. Tozer na Steere walikuwa na mambo ya kusema na hawakuwa na maneno ya kuyasemea. Steere alikaa na wasomi wa mjini kujifunza Kiswahili, akakaa pia na watoto waliokuja na lugha zao za bara. Mwaka 1870 alitoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili na mkusanyo wa hadithi za Unguja. Mwaka 1871 akatoa kitabu kidogo cha Kiyao, lugha ya watoto wengi wa misheni. Injili ya Mathayo kwa Kiswahili ilikuwa imekwisha kutoka mwishoni mwa miaka ya 1860.

Misheni ilikuwa na mashine ya kuchapa, na wavulana ndio waliofundishwa kuifanyia kazi. Mpanga herufi huchukua kipande kimoja kimoja cha risasi, ambacho herufi yake imegeuzwa kinyume, akakipanga kwenye mstari, akafunga mistari kuwa ukurasa, akapaka wino, akakandamiza karatasi. Akikosea herufi moja, sala nzima hupotoka mbele ya macho ya askofu. Kwa namna hiyo maneno ya sala na katekisimu yalipita vidoleni mwa wavulana kabla hayajafika masikioni mwa mtu mzima yeyote wa Unguja, na mtoto aliyekwisha kuyapanga alikuwa ameyasoma kwa makini kuliko waumini wengi watakaokuja baada yake.

Chuo cha misheni kilikuwa Kiungani, kusini ya mji. Mwaka 1887 mwalimu wake, A. C. Madan, alichapisha huko Uingereza kitabu cha habari za maisha zilizoandikwa na wavulana wenyewe kwa Kiswahili, kisha yeye akazitafsiri. Humo wanaeleza walivyokamatwa, walivyouzwa kwa nguo au kwa deni, walivyopita mikononi mwa mabwana kadhaa kabla ya kuiona bahari. Yapo mambo machache sana ya karne ya 19 katika Afrika Mashariki yaliyoandikwa na watumwa wenyewe, na sehemu kubwa ya hayo machache ilitoka kwenye madawati ya watoto.

Kutoka madawati hayo walitokea wahudumu wa kwanza wa Kanisa Anglikana katika nchi ambayo leo ni Tanzania. John Swedi, mmoja wa watoto watano wa Sayyid Majid, alifanywa shemasi mdogo mwaka 1870 pamoja na mwenzake George Farajallah, na mwaka 1879 akawekwa wakfu kuwa shemasi kamili. Cecil Majaliwa, ambaye naye alikombolewa utumwani akiwa mtoto na kusoma Kiungani, alipewa upadre mwaka 1890, wa kwanza kati ya Waafrika wa misheni hiyo. Alikwisha kupelekwa Chitangali, kusini, kwa chifu Nakaam, na huko alifanya kazi miaka mingi bila Mzungu wa kukaa naye. Watu walioishi katika nchi ambayo watoto wake waliuzwa pwani waliletewa dini na mtoto mmoja aliyerudi akiwa mtu mzima.

Ng'ambo ya bahari, Bagamoyo, mapadre wa Roho Mtakatifu walifuata mwendo unaofanana na huo. Walihamia huko kutoka Unguja mwaka 1868, wakanunua watoto sokoni kwa fedha zilizochangwa Ulaya, wakawapa nusu ya siku darasani na nusu shambani au karakanani. Walipokua waliozeshwa wao kwa wao, wakajengewa nyumba katika kijiji cha misheni. Kituo cha Mhonda kilipofunguliwa bara mwaka 1877, mapadre walikwenda na familia za Bagamoyo. Wenyeji wa huko walimwona Mkristo wa kwanza akiwa seremala, mkulima na mama wa watoto mwenye kusali asubuhi kwa lugha wanayoisikia.

Lakini mahali ambapo mtoto alipata sikio la mtu mkubwa kuliko wote palikuwa mbali sana na pwani.

Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alifika Buganda kwa Kabaka Mutesa. Katika msafara wake walikuwemo vijana wawili waliosomeshwa na misheni ya Unguja: Robert Feruzi na Dallington Maftaa. Mutesa alikuwa mtu mwenye shauku ya kujua. Alikuwa ameshika mafundisho ya Uislamu kwa miaka, akifunga Ramadhani, akifuata hesabu ya miezi, huku akikataa kutahiriwa. Sasa akataka kukisikia kitabu cha Wakristo. Stanley alizungumza, na vijana hao wakafasiri. Kwa msaada wa Feruzi na mwandishi wa Kabaka, ulitungwa muhtasari wa Biblia kwa Kiswahili, kuanzia uumbaji hadi kusulubiwa, na Injili ya Luka ikatiwa nzima. Uliandikwa kwenye vibao vyembamba vya mti mweupe vilivyopigwa msasa, kila kimoja kama sentimita 40 kwa 30, kwa kuwa ndivyo Kabaka alivyovitumia kuandikia.

Stanley alipoondoka, Dallington alibaki. Stanley mwenyewe humwita mvulana. Kijana huyu, aliyetoka utumwani akapita Kiungani, ndiye aliyekuwa mwalimu wa Kikristo pekee katika Buganda nzima kwa karibu miaka miwili. Alimsomea Kabaka, alimfasiria, na barua zilizotoka kasri kwenda kwa Wazungu aliziandika yeye. Mojawapo ilimfikia Steere, ambaye sasa alikuwa askofu. Juni 1877 wamisionari wa kwanza wa CMS, chama cha misheni cha Kianglikana, walipofika, walimkuta yupo kazini. Historia nyingi za Uganda zinaanza na meli na majina ya Wazungu hao. Ukweli ni kwamba waliingia katika baraza ambalo tayari lilikwisha kubishana juu ya Injili ya Luka, na aliyewasomea wazee wa baraza hilo Injili alikuwa na umri wa wajukuu zao.

Ili kuona kwa nini jambo hili liliwezekana ni lazima kulijua kasri lenyewe. Koo na machifu wa Buganda walipeleka wavulana wao kwa Kabaka wakalelewe huko. Walikuwa mamia, wamegawanywa kwenye nyua mbalimbali, wakichota maji, wakilinda milango, wakibeba ujumbe, wakipiga magoti kwenye baraza na kusikia kila linalosemwa. Aliyeonekana mwepesi wa akili alipanda, na kesho yake angeweza kuwa chifu wa jimbo. Mtoto wa kasri alikuwa mbali na baba yake, karibu na madaraka, na kila jipya lililofika kwa Kabaka, iwe bunduki, saa, sabuni au kitabu, lilipita mbele yake kwanza.

Waislamu walitangulia katika mkondo huo. Wafanyabiashara wa pwani walifundisha kusoma Kurani, na vijana wa kasri wakaishika dini kuliko bwana wao. Mwaka 1876 vijana hao walikataa kula nyama iliyochinjwa na wachinjaji wa Kabaka na wakamwona imamu asiyetahiriwa hafai kuwaongoza katika sala. Mutesa akaamuru wauawe, wengi wao huko Namugongo. Miaka 10 kabla ya Wakristo kuchomwa mahali hapo, Buganda ilikwisha kuona vijana wakimwambia mfalme kwamba yupo aliye juu yake.

Wamisionari wa CMS, kisha wamisionari Wakatoliki, ambao Padre Siméon Lourdel aliwatangulia kufika Februari 1879, walikuta wanafunzi wenye njaa ya kusoma. Alexander Mackay, fundi wa Kiskoti aliyefika Novemba 1878, alichapa karatasi za herufi na sala kwa mashine ndogo. Vitabu vya mwanzo vilikuwa vya Kiswahili, kwa sababu ndicho Mackay alichokuwa amejifunza na ndicho baraza lilichoelewa, na Kiganda kilifuata. Mvulana aliyesoma mchana uwanjani kwa Mzungu aliwasomea wenzake usiku ndani ya ua. Aliyekwenda likizo kwa jamaa zake alikwenda na karatasi yake kwenye pindo la shuka. Mapadre na wamisionari walikuwa wachache na mara nyingine walikatazwa kutoka nje ya vituo vyao. Waliokuwa na ruhusa ya kwenda popote ni watoto wa kasri.

Mackay aliandika habari za kijana mmoja, Damulira, aliyekuwa akisoma kwake na ambaye aliugua kabla ya kubatizwa. Alipoona anakufa, alimwomba kijana mwenzake amletee maji, amnyunyizie, na amtaje juu yake Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Aliyefanya hivyo naye hakuwa Mkristo. Maswali yanayoumiza vichwa katika vyuo vya teolojia, kuhusu nani ana mamlaka ya kubatiza na kwa masharti gani, yaliamuliwa pale na watoto wawili, mmoja akiwa kitandani. Mackay, aliyekuwa mkali katika mambo ya mafundisho, aliiandika habari hiyo bila kuipinga.

Mutesa alifariki Oktoba 1884. Mrithi wake, Mwanga, alikuwa kijana bado, aliyewahi yeye mwenyewe kukaa karibu na wamisionari, na sasa alizungukwa na wazee waliomwonya kwamba wageni watamnyang'anya nchi. Wasiwasi huo haukuwa wa bure; Wajerumani walikuwa wameanza kusaini mikataba bara mwaka huohuo. Kabaka hakuwa na uwezo wa kuwafikia Wajerumani. Wasomaji wa nyumbani mwake alikuwa nao mkononi.

Tarehe 30 Januari 1885 Mackay na mwenzake Robert Ashe walikuwa njiani kwenda ziwani pamoja na vijana wa kituo chao. Askari wa Mujasi, mkuu wa jeshi la Kabaka, wakawazuia, wakawanyang'anya vijana. Kesho yake watatu, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, walipelekwa Busega, karibu na kinamasi kilicho nje ya Natete, wakakatwa mikono na kuchomwa moto. Lugalama ndiye mdogo kuliko wote. Wengi hukadiria kwamba alikuwa na miaka 11 au 12. Kwa asili alikuwa mateka wa vita, mtoto wa Kihima aliyechukuliwa katika uvamizi wa Waganda magharibi, na Ashe alimlea. Ashe ameandika kwamba mtoto huyo aliwasihi wasimkate mikono, wamtupe tu motoni. Hawakumsikiliza.

Habari haikuishia hapo. Mmoja wa waliofanya kazi ya kuwaua alikuja baadaye kwa wamisionari, akaomba naye afundishwe kusali. Alikuwa amewasikia wavulana wale wakisali na alitaka kujua wanasema na nani. Habari ya mtu huyo imo katika maandishi ya CMS, na ina uzito kuliko mahubiri mengi ya miaka ile, kwa sababu anayeomba kufundishwa ni mtu mzima mwenye kisu, na aliyemtia shauku ni mtoto aliyeomba ahurumiwe akanyimwa. Lugalama hakuwa shujaa asiyeogopa. Aliogopa kama mtoto yeyote, akasali hivyohivyo.

Kisha zamu ikafika kasri lenyewe. Kiongozi wa vijana Wakatoliki, Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliuawa Novemba 1885 baada ya kumlaumu Mwanga kwa kumwua Askofu James Hannington mwezi uliotangulia huko Busoga, na kwa kuwataka wavulana kimapenzi. Karoli Lwanga akachukua nafasi yake. Tarehe 25 Mei 1886, Munyonyo, Mwanga alirudi kutoka kuwinda viboko ziwani akakuta kasri halina watu. Akamwuliza Mwafu, mtoto wa Katikkiro, yaani waziri mkuu, alikokuwa. Mwafu akasema alikuwa na Denis Ssebuggwawo, akifundishwa dini. Ssebuggwawo alikuwa na miaka 16 hivi. Mwalimu alikuwa kijana, mwanafunzi alikuwa mtoto wa waziri mkuu, na waziri mkuu huyo, Mukasa, alikuwa miongoni mwa wapinzani wakubwa wa dini ya wageni. Kabaka alimchoma Ssebuggwawo kwa mkuki. Wauaji wakammaliza asubuhi.

Usiku huo Lwanga aliwabatiza wavulana wanne ambao bado walikuwa wakatekumeni. Mmoja wao alikuwa Kizito, mwenye miaka 14 hivi, mdogo kuliko wote. Inasimuliwa kwamba Kizito alikuwa amemsumbua Padre Lourdel muda mrefu, akikataa kuondoka kituoni hadi apewe tarehe ya ubatizo, na padre akamwambia kila mara asubiri kwa kuwa umri wake bado. Utaratibu wa mapadre hao ulikuwa miaka minne ya maandalizi. Walikuwa na sababu zao: waliwahi kuona watu wakikimbilia maji kisha wakayaacha. Usiku wa Munyonyo utaratibu ulikoma, na aliyeambiwa kwamba hajawa tayari aliamka asubuhi akaitwa mbele ya Kabaka pamoja na wenzake, akaulizwa kama ataacha kusali, akasema hapana.

Mwingine wa wanne wale, Mbaga Tuzinde, alikuwa amelelewa na Mukajanga, mkuu wa wauaji. Kwa siku zote walizowekwa Namugongo wakisubiri kuni zikusanywe, Mukajanga alimbembeleza kijana wake akane, au angalau akubali kufichwa. Ndugu walimjia wakilia. Tuzinde akamjibu kwamba bwana aliye juu ya Kabaka ameamuru vingine. Asubuhi ya tarehe 3 Juni 1886, sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, Mukajanga aliamuru kijana huyo apigwe shingoni afe kabla ya kuwekwa motoni. Hiyo ndiyo huruma aliyobaki nayo. Walioteketezwa siku hiyo walikuwa Wakatoliki na Waanglikana, wamefungwa kwenye mafungu ya matete, wakisali kila mmoja kwa namna aliyofundishwa.

Kwa jumla, Kanisa Katoliki linahesabu mashahidi 22 wa miaka ile na Waanglikana 23. Si wote waliokuwa watoto. Walikuwemo machifu, mafundi, na watu wenye wake na mashamba, kama Matia Mulumba na Andrea Kaggwa. Lakini kasri ndilo lililotoa wengi, na vijana wa kasri walionusurika ndio waliotawanyika vijijini na kuendelea kufundisha kwa siri. Miaka michache baadaye, vita vya dini vilivyozuka Buganda vilipokwisha, baadhi yao walikuwa machifu. Apolo Kagwa, aliyepigwa na Mwanga mwaka 1886 lakini akaachwa hai, alikuja kuwa Katikkiro na akaishika kazi hiyo hadi mwaka 1926.

Miaka ya 1890 ilileta jambo ambalo wamisionari hawakulitarajia: wazee kuomba kufundishwa na watoto mchana kweupe. Waanglikana walimtaka anayetaka kubatizwa aweze kusoma Injili, na mzee mwenye mvi hakuwa na njia ya mkato. Alikaa kwenye nyumba ya kusomea ya matete, karatasi ya herufi imetundikwa ukutani, na aliyeshika fimbo ya kuonyeshea mara nyingi alikuwa mvulana au msichana aliyemtangulia kwa mwezi mmoja. Vitabu vilikuwa vichache, wasomaji wakakizunguka kimoja kilichowekwa chini, hata inasimuliwa kwamba wako waliozoea kusoma maandishi yakiwa juu chini kwa sababu ndio upande waliokuwa wamekalia. Biblia nzima ya Kiganda, iliyokamilishwa na George Pilkington pamoja na Waganda waliofanya naye kazi, ilitoka mwaka 1896. Ilichapwa ikiwa nyembamba kwa upana lakini nene, iingie barabara kwenye kopo la biskuti, ili mchwa na mende wasiifikie.

Je, wazee walifurahia? Wengine ndiyo, wengine walichukia. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kijana ambaye hajatoka jandoni hana sauti mbele ya watu wazima. Hawezi kuwaombea dua, hawezi kutaja mizimu, hawezi hata kujua siri ambazo maisha yanasimama juu yake. Dini iliyomweka mtoto mbele ya babu yake na kumpa kitabu ilionekana kuvunja nyumba kuanzia darini. Lalamiko hilo lilikuwa na haki ndani yake, na lilisikika sana kusini mwa Tanganyika, kwa Wayao, Wamakua na Wamakonde, palepale ambapo Majaliwa na wenzake wa Kiungani walikuwa wameanza kazi.

Jibu la misheni lilichukua muda. Vincent Lucas, aliyekuwa padre Masasi na kuwa askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo mwaka 1926, alikubali kwamba kuupiga marufuku unyago na jando ni kuwaondoa wazazi na wazee katika malezi ya watoto wao. Akaanzisha jando la Kikristo. Wavulana waliingia kambini kama zamani, ngariba akafanya kazi yake, wazee Wakristo wakafundisha yaliyostahili kufundishwa, na padre akasali nao. Wako waliomlaumu kwamba ameingiza ushenzi kanisani, na wako wazee wa jando waliomlaumu kwamba ameiharibu mila. Ila kwa mara ya kwanza tangu watoto wa jahazini, kanisa lilikuwa limemrudishia mzee kiti cha mwalimu.

Wakati huohuo kazi ya katekista ilianza kupewa mtu mwenye umri, mwenye mke, anayelipwa kidogo na kukaguliwa na padre. Shule za misheni zikawa na madarasa, ada na mitihani. Kiungani yenyewe ilifungwa miaka ya 1920, na chuo kikahamia Minaki, Kisarawe. Mtoto akarudi kwenye benchi la mbele, akawa wa kufundishwa katekisimu, kuimba kwaya na kuigiza Krismasi. Dini ilikuwa imepata wakubwa wa kutosha kuiendesha, na umri wa mwalimu ukaanza tena kuhesabiwa kama unavyohesabiwa kila mahali.

Yale yanayojulikana leo kuhusu miongo ile yamehifadhiwa kwa kiasi kikubwa na waliokuwa watoto wakati huo. Ukiacha kitabu cha Madan cha 1887, James Mbotela wa Freretown, Mombasa, alichapisha mwaka 1934 Uhuru wa Watumwa, akisimulia kwa Kiswahili habari alizozipata kwa baba yake aliyeokolewa jahazini. Padre Petro Kilekwa, aliyetekwa utotoni bara, akafikishwa hadi Ghuba na kuokolewa huko na manowari ya Waingereza, kisha akasoma Kiungani na kuhudumu upande wa Ziwa Nyasa, alitoa habari za maisha yake kitabuni mwaka 1937.

Namugongo pia ilikuwa na mashahidi wa namna hiyo. Siku ya moto vijana watatu, Denis Kamyuka, Charles Werabe na Simeon Sebuta, walifunguliwa dakika za mwisho na kuachwa waangalie. Kanisa Katoliki lilipoanza kuchunguza kesi ya mashahidi, lilihitaji watu waliokuwepo, si waliosimuliwa, na vijana hao, sasa wakiwa watu wazima, waliulizwa mbele ya tume wakaeleza nani alifungwa karibu na nani, nani alisema nini, na Lwanga alitengwa saa ngapi na wenzake. Kwa ushahidi wa aina hiyo Papa Benedikto XV aliwatangaza 22 kuwa wenye heri tarehe 6 Juni 1920, na Papa Paulo VI akawatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, Kizito akiwa miongoni mwao. Lugalama na wenzake wawili, waliokuwa Waanglikana, hawakuwemo kwenye kesi hiyo. Paulo VI aliwataja Waanglikana katika mahubiri yake ya siku ile, na kumbukumbu yao inaadhimishwa Busega.